Mstari wa Ng'ombe

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Msicheke. Wastaafu wengine hupewa hotuba, keki na mabati ya kwenda kuezekea. Mimi nilipewa grainda ya kusagia vyuma nikaambiwa nianze na zile za pembeni. Nikakataa, nikaondoka, na hapo ndipo kazi yangu ya chuma ilipoishia, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kupiga, kukunja na kuchomelea pale karakana ya Baba Happy, nyuma ya soko, Kashaulili.

Nisingeandika chochote kama si Kabula. Kabula ni yule binti anayesaga kingo za vyuma pale karakana sasa hivi, yaani ile nafasi niliyoikataa mimi. Juzi tumekutana sokoni, kwenye dagaa. Akaniamkia vizuri, akamfinya mtoto wangu shavu, halafu akauliza kwa nia njema kabisa: "Eti dada Leo, wanasema na wewe ulikuwa pale kwetu. Ulikuwa unapika?"

Sikumjibu. Kama ningefungua mdomo, mwenye dagaa angepata hasara. Nimerudi nyumbani Misunkumilo, nimemlaza mtoto, nimeshika kalamu. Kabula, na nyie wengine mlioingia baada yangu, hili ndilo jibu. Mshahara sitaugusia. Vyeo pale havikuwepo. Kulikuwa na Baba Happy, halafu kulikuwa na sisi.

Siku ya kwanza nilikwenda na sketi ya shule, kwa sababu ndiyo nguo nzito pekee niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yalikuwa ya kunifikisha nyumbani tu. Wazazi wangu walilima tumbaku, na mimi tumbaku nilikuwa nimeichoka hadi harufu. Nikaingia karakana. Ndani kulikuwa na moshi, vyuma vimeegemea ukuta, na mzee mmoja mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Huyo alikuwa Fundi Sikazwe, Mfipa, ambaye kwao walipiga majembe tangu babu zake. Hakugeuka hata kunitazama.

"Chakula weka pale," akasema.

"Sijaleta chakula."

"Basi umefuata nini?"

"Kazi. Nataka kujifunza."

Akageuka. Akaiangalia sketi, akaangalia ndala zangu, akawaangalia wenzake kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. "Umesoma?"

"Fomu foo."

"Haya, Fomu Foo. Kata hicho."

Akanipa msumeno wa chuma na kipande cha nondo nene. Nilikata tangu asubuhi hadi watu wanarudi kutoka kula. Viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikaendelea. Nilipomaliza akakiokota kipande, akakisimamisha sakafuni. Kikaanguka. Nilikuwa nimekata mshazari.

"Kata tena," akasema. Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza na la pili, na mpaka wiki ikaisha sikupewa somo lingine. Jina la Fomu Foo likaniganda. Mpaka leo kuna watu pale sokoni hawajui kwamba naitwa Leokadia.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha, lakini vilifanya kazi. Moto tuliupuliza kwa feni iliyozungushwa na rimu ya baiskeli: unazungusha kwa mkono, mkanda unavuta, makaa yanawaka mekundu. Fuawe yetu, yaani kile chuma cha kupigia vyuma vingine juu yake, ilikuwa kipande cha reli kilichofungwa juu ya gogo. Kilitoka wapi sikuuliza. Huu mji una reli, na Sikazwe hakupenda maswali. Tindo za kukatia chuma alizitengeneza mwenyewe kwa springi za malori mabovu. Mashine ya kuchomelea tulikuwa nayo moja, imesukwa upya waya wa ndani mara nyingi hadi hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya kampuni gani, na umeme wenyewe ulikuja ukitaka. Ukikatika, tunarudi kwenye makaa. Ukirudi, tunaacha makaa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na ya sasa, bila mtu kupanga.

Neno moja kuhusu macho, halafu niendelee. Vaeni kioo. Mimi mwanzoni nilichomelea kwa miwani ya jua kwa sababu ndiyo waliyovaa wote isipokuwa Sikazwe, na usiku wake nikawa kama nimemwagiwa mchanga wa moto machoni. Mama akanibandika vipande vya viazi, huku akisema mambo kuhusu watoto wa kike na suruali. Viazi havikusaidia, na maneno ya mama hayakusaidia. Kioo kinasaidia.

Sasa nawaambia kuhusu sakafu, maana kila kitu kilichotokea kimetoka kwenye hiyo sakafu.

Nilipoanza, chini kulikuwa na udongo. Mwaka uliofuata Baba Happy akapiga sakafu ya saruji, akajivunia kama amejenga kanisa. Alikuwa akiingia anavua viatu. Sakafu hata mwezi haijamaliza, akaja mteja wetu kutoka Kabungu, Mzee Masanja, mfugaji, na mkokoteni wake uliokatika nusu chuma cha kuvutia. Ng'ombe wake wawili walikuwa bado wamefungwa humo humo, na akataka kuuingiza mkokoteni mpaka ndani.

"Mzee, wafungue kwanza ng'ombe," Sikazwe akamwambia. "Hapa tunawasha moto."

"Bhabha, hawa wapole," Mzee Masanja akasema. "Hawa wapole kuliko wewe. Wewe chomelea."

Sikazwe akavaa kioo, akagusisha waya kwenye chuma. Mwanga ukalipuka. Wale ng'ombe wapole walitoka na mkokoteni kwa kishindo kilichosikika hadi kwenye maduka ya vitenge. Gurudumu likalikumba gogo, gogo likalala, na kile kipande cha reli kikatua kwenye saruji mpya. Vumbi lilipotulia, sakafu ilikuwa na ufa kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule.

Baba Happy alishika kichwa. Sikazwe akavua kioo taratibu. "Wapole, eh?"

"Wapole," Mzee Masanja akasema. "Hawajawahi kuona radi ikitoka kwa mtu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba Happy hakucheka, lakini saruji ya kuziba hakuleta, na ule ufa ukabaki. Tukauita mstari wa ng'ombe.

Na hapa ndipo utaratibu wetu ulipozaliwa. Wakati ule hatukuwa na michoro ya karatasi. Mteja akitaka geti, tunalichora sakafuni kwa chaki, ukubwa ule ule litakaokuwa nao, halafu tunakunja chuma na kukilaza juu ya chaki hadi kifanane. Shida ilikuwa wapi pa kuanzia, maana kuta za karakana zile zimejengwa na mtu aliyekuwa na haraka, hakuna ukuta ulionyooka. Ufa ulinyooka. Ulikuwa umenyooka kama kamba, isipokuwa sehemu moja katikati ulikuwa na goti, umepinda kidogo halafu ukaendelea. Sikazwe akaona. Siku moja akachukua chaki, akaupitishia ule ufa wote kutoka mwanzo hadi mwisho, mweupe, akasema: "Hii ndiyo chini ya geti. Hilo goti ndiyo katikati. Kila kitu pimieni kutoka hapo."

Basi ikawa sheria. Kabla hujachora chochote, unapiga magoti, unapitisha chaki kwenye mstari wa ng'ombe. Mafundi waliokuja wakafundishwa hivyo hivyo, na wengine hawakujua hata ulitoka wapi. Mimi nilikuwa naupitisha huku nawaza mambo mengine kabisa, kama mtu anayepiga ishara ya msalaba kabla ya kula.

Kazi zangu ngumu sitazieleza zote. Kulikuwa na mashine ya kusaga iliyokatika mguu kule kijijini wakati wa mavuno, watu wamepanga ndoo za mahindi, na mimi nikachomelea nimelala chini ya mashine huku akina mama wakinisemesha kwa juu: "Mwanangu, na wewe umekosa mume?" Kulikuwa na plau za wafugaji, nyingi, zimekwanguka hadi zimebaki kama kijiko. Hizo zilinifundisha chuma. Lakini kilichonifanya nijulikane ni maua ya geti.

Mafundi wote wa hapa walikuwa wakikunja ua moja: duara mbili, mkuki katikati, basi. Ukitembea mtaa mzima ni duara na mikuki, kama watu wote wanaogopa jambo moja. Mimi nikakunja jani la tumbaku. Msiniulize kwa nini, tumbaku ndiyo niliyoikimbia. Nilikuwa nalijua tu lile jani. Nilikuwa nimetundika majani kwenye bani la wazazi wangu, lile banda la kukaushia, tangu naweza kunyoosha mikono, najua linavyolegea likianza kukauka, ncha inarudi nyuma kidogo kama mtu anayesikiliza. Nilipata ile ncha kwa moto na koleo baada ya kuharibu vyuma vingi. Sikazwe alisimama akaangalia muda mrefu.

"Hiyo ncha umefanyaje?"

"Nimeipoza nusu, halafu nikaipiga na nyundo ya mti."

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna."

"Mbaya sana," akasema. "Nilitaka kusema ni mimi." Akaenda zake kunywa chai.

Kwa yule mzee hiyo ilikuwa hotuba.

Watu wakaanza kuja wanasema, nataka majani ya Leo. Likatoka jani moja, yakatoka mengine: jani pana la chini, jani la kati, shada la majani matatu kwa ajili ya madirisha. Kila moja lilianzia kwenye mstari wa ng'ombe, kila moja lilikuwa mikononi mwangu. Mashine zilikuwa zinaingia mdogo mdogo, na mimi sikuzichukia, nawaambieni ukweli. Ilipokuja grainda niliuaga msumeno bila machozi. Ilipokuja mashine ya kukunjia mabomba nilikuwa wa kwanza kuomba kuishika. Kila kilichokuja kilinipunguzia maumivu ya mgongo na kuniachia kazi yangu.

Sikazwe aliondoka macho yalipoanza kumdanganya. Alirudi kwao Ufipa. Aliniachia tindo zake, akaniachia na benchi lake la pembeni mwa dirisha, mbele ya watu wote, na Baba Happy akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo lilikuwa benchi langu. Kumbukeni hilo benchi.

Kisha nikapata mimba ya Skola. Baba yake yuko machimboni na huko ndiko alikobakia. Ukurasa huu si wake. Nilifanya kazi tumbo likiwa mbele yangu kama ngoma hadi nikashindwa kufikia chuma. Baba Happy akaniita mbele ya mafundi wote. Nilikuwa kama mtoto wake pale, na alisema kama baba: "Leo, nenda kazae salama. Benchi lako haliguswi. Atakayeligusa ataniona mimi."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikalia, mjinga mimi.

Kabla sijaondoka, akaja mpwa wa Baba Happy, Erick, kutoka Dar. Kijana mstaarabu, sitamsingizia, ana maneno mengi na viatu vyeupe. Akanifuata na simu yake.

"Dada Leo, naomba kitu kimoja. Yale majani yako yote, unaweza kutuchorea hapa chini? Moja moja. Ili ukiwa likizo, vijana wasikwame."

Nikaona ana akili. Nikafagia sakafu. Nikapiga magoti na mimba yangu ya miezi ya mwisho, mkono mmoja chini, mkono mmoja chaki, nikaanza kama siku zote: mstari wa ng'ombe kwanza, mweupe, goti lionekane vizuri, halafu jani. Erick akapanda ngazi, akapiga picha kutoka juu. Nikafuta, nikapitisha mstari upya, nikachora lingine. Nilichora majani yote. Nilichora hata yale niliyokuwa sijawahi kumtengenezea mtu, niliyokuwa nayawazia tu nikiwa nimelala. Nilitaka wenzangu wasihangaike. Erick akawa ananiambia kutoka juu ya ngazi: "Noma sana dada, noma sana. Pole lakini. Unataka maji?"

Aliniletea maji, kweli. Nilikunywa.

Skola akazaliwa. Alipokuwa na miezi minne nikamfunga mgongoni, nikamchukua na binti wa jirani wa kunishikia, nikaenda kazini. Nilisikia mlio kabla sijafika, mlio mwembamba, kama mtu anachana kitambaa kisichoisha. Nikaingia. Benchi langu halikuwepo. Benchi la mtu yeyote halikuwepo. Katikati ya karakana kulikuwa na meza kubwa ya chuma, juu yake mkono unatembea wenyewe, unatema mwali wa buluu, na chini yake bati nene linakatika kama ugali. Pembeni kompyuta, na Erick kwenye kiti cha plastiki.

"Dada Leo!" Alifurahi kuniona, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. "Karibu! Cheki hii, ni ya kwako!"

Akabonyeza. Mkono ukashuka. Nikasimama nikaangalia jani langu likitoka kwenye bati, jani pana la chini, na ncha yake imerudi nyuma vile vile. Lilikuwa bapa. Halikuwa na mgongo, halikuwa na unene, ukilitazama kwa ubavu lilikuwa halipo. Lakini ukilitazama kwa mbele lilikuwa langu. Likaanguka, likatoka lingine, likaanguka. Chai yangu ya asubuhi ilikuwa haijapoa na geti zima lilikuwa tayari.

Nikamwendea Baba Happy.

"Shikamoo Baba. Nimerudi."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa mtoto. Wa kike?"

"Wa kike. Benchi langu liko wapi?"

Akaangalia ile meza kama ndiyo imeulizwa. "Leo, mambo yamebadilika. Hii mashine inataka nafasi. Lakini wewe nimekuwekea kazi, sikukusahau. Mabati yakitoka pale yana kingo kali. Yanahitaji mtu makini wa kusaga."

"Kusaga."

"Kusaga tu. Kazi nyepesi, una mtoto. Anza na zile za pembeni."

"Ulisema haliguswi."

"Sasa Leo, mimi nifanyeje? Wenzetu wa miji mingine wote wanazo. Tungefunga. Ungerudi ukute duka la soda."

Inawezekana alisema kweli. Nimeifikiria sana hiyo sentensi na sijapata tundu lake. Lakini kulikuwa na siku nyingi kati ya kuagiza mashine na kunipigisha magoti na chaki, na katika hizo siku zote hakukosa mdomo. Alijua nachora kwa ajili ya nini. Sakafu nzima ilijua isipokuwa mimi niliyekuwa nimeipigia magoti.

Grainda niliiacha pale pale iliponisubiri. Nikachukua tindo za Sikazwe, zilikuwa kwenye ndoo na misumari, nikaenda nyumbani. Huo ndio ustaafu wangu, Kabula. Siku iliyofuata nikaanza kukaanga mihogo ya kuuza.

Siyo mwisho.

Skola alipoanza kukaa mwenyewe, siku moja simu ikaita. Baba Happy. Sauti ya asali. "Mwanangu Leo, hujambo? Na mjukuu wangu? Hebu pita karakana, kuna jambo tunataka utusaidie, wewe ndiye unayejua."

Wewe ndiye unayejua. Nilifunga kanga ya mtoto nikiwa tayari naona benchi langu dirishani. Njia nzima nilipanga maneno. Kwanza benchi. Benchi kwanza, halafu ndiyo nitajua chochote.

Nilimkuta mama mmoja mwenye gesti, amesimama na mkono kiunoni mbele ya grili za madirisha yake, mpya, zimeegemezwa ukutani.

"Mimi nimeagiza majani," alikuwa anasema. "Hayo majani nayaona, mazuri. Sasa huu ufa wa nini? Kila dirisha lina ufa. Wageni wangu wataona nyumba imepasuka."

Nikatazama. Chini ya kila shada la majani, kutoka karibu na ukingo wa huku hadi karibu na ukingo wa kule, palikuwa na mwanya mwembamba uliokatwa kwa usafi kabisa. Ulinyooka kama kamba. Katikati ulikuwa na goti.

"Sisi tulijua ni tawi," Erick akasema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mengi. "Lipo kwenye michoro yote ya dada. Mafundi wa chaki wote wameshaondoka, na mjomba mwenyewe hajawahi kushika chaki. Mageti yote tumetoa hivyo. Watu wanalipenda tu, wengine wanauliza ni mto gani."

Jamani, nilicheka. Sikujizuia. Nilicheka kama siku ile ya ng'ombe, hadi Skola akaamka mgongoni akaanza kulia. Mashine ya watu wenye akili, imetoka mbali kwa lori, inakatia mji mzima mstari wa ng'ombe wa Mzee Masanja! Na hapo, nikiwa nacheka, nikafanya kosa lililonigharimu. Niliangalia chini.

Sakafu walikuwa wameipiga upya kwa ajili ya mashine, saruji nyeusi laini. Lakini kwenye kona ya mlango haikufika, na kwenye ile kona ya zamani kulikuwa na kipande cha ufa, hakizidi urefu wa mkono, na mabaki ya chaki ndani yake. Macho yangu yalikwenda pale. Macho ya Erick yakafuata yangu.

"Baba," nikaanza, "mimi najua ni nini. Lakini kwanza tuongee kuhusu benchi."

"Leo, benchi nitaliweka wapi mwanangu? Si unaona?"

"Pale dirishani. Lilipokuwa."

"Pale kuna kompyuta."

"Basi sogeza kompy—"

"Aaah!" Erick alikuwa amechuchumaa kwenye kona. Akapitisha kidole. "Ni ufa wa sakafu! Si ndiyo, dada? Ulikuwa unaupaka chaki. Nikaufanya mstari. Aisee!" Akacheka, akanigonga bega kama mwenzake, akarudi kwenye kiti. Akabonyeza, akabonyeza. Nilikuwa sijamaliza kumbembeleza mtoto. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukageuka mwekundu, halafu haukuwepo. "Tayari. Mama, zako tunakukatia upya leo leo."

"Asante dada Leo," mwenye gesti akaniambia. "Kumbe ni wewe mwenye majani? Una bahati, yamependeza."

Baba Happy akanisindikiza hadi mlangoni. Alimnunulia mtoto biskuti. Kuhusu benchi hakusema tena, na mimi sikuuliza tena, kwa sababu sasa sikuwa na kitu ambacho hawana.

Basi, wadogo zangu. Sitawaambia msiziguse mashine. Zigombanieni, ombeni kukaa kwenye kile kiti cha plastiki, usikubali kusaga maisha yako yote, Kabula. Na mtu akikuomba umwonyeshe kila kitu unachokijua kabla hujaenda kuzaa, muulize anataka kukifanyia nini. Muulize mbele ya watu. Akikuletea maji, kunywa, halafu muulize tena.

Wiki iliyopita nilimpeleka Skola sindano. Zahanati ina geti lililotoka kwenye lile fungu la kwanza, kabla mwenye gesti hajalalamika. Skola anatembea sasa, na hashikiki. Akaniponyoka, akaliendea lile geti, akaweka kidole kwenye ule mwanya wa chini, ukingoni kabisa, akaanza kutembea nao. Akafika kwenye goti, akasimama. Akaliangalia. Akapinda nalo, akaendelea hadi mwisho, halafu akarudi kuanza tena pale pale pa kuanzia.

Niliruka kumshika mkono, maana bati likikatwa vile linachana nyama. Nikakigeuza kidole, nikakiangalia vizuri. Hakikuwa na hata mkwaruzo.

Kwa hiyo kuna mtu alizisaga zile kingo, akazisaga vizuri. Kama ni wewe, Kabula, nashukuru. Na sasa unajua nilikuwa nafanya nini pale.